Manjano ya Kwenye Chupa

Mwaka 2016 nyumba tuliyopanga Columbus, Ohio, ilikuwa na vikamulio vinne vya kitunguu saumu. Sikununua hata kimoja. Kulikuwa pia na waya za chaji za kutosha kufungia mbuzi, kava za simu ambazo hatukuwa nazo, mikeka ya silikoni ya kuokea mikate, na chupa za vidonge vya kila namna. Vyote vililetwa mlangoni kwa jina langu, nami nilivilipia kwa maneno.

Ilikuwa hivi. Wauzaji wadogo wa kwenye Amazon, lile duka la mtandaoni, ambao bidhaa zao hazijulikani, waligawa kuponi. Ukiingiza kuponi, kitu cha dola 20 kinashuka hadi dola moja au sifuri kabisa. Mzigo unafika, na ndani ya wiki mbili unatakiwa uwe umeshaandika maoni. Chini yake unabandika ile sentensi ambayo sote tuliinakili bila kuisoma: nimepewa bidhaa hii bure au kwa punguzo ili nitoe maoni yangu ya kweli. Kanuni za Marekani zinataka aliyepewa kitu aseme kapewa, basi tulisema. Hakuna aliyekulazimisha utoe nyota tano. Ila kabla ya kukupa kuponi, muuzaji anaweza kufungua ukurasa wako akatazama umegawa nyota ngapi huko nyuma, na bahili wa nyota hapewi kitu. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi. Mkono wa muuzaji haukuwa mtupu, nami niliulamba kila siku.

Nilikuwa nafanya kazi usiku, kutunza wazee. Wakishalala, saa nane hivi, natoa simu na kuandika. Maoni matatu kwa mapumziko ya nusu saa. Nilikuwa na kipaji, nakiri.

Mama alikuja Julai, Idi imepita. Amefundisha shule ya msingi Muheza mpaka alipostaafu, na jicho lake la kusahihisha madaftari halijastaafu bado. Wiki ya kwanza alizitazama boksi zinavyoingia, akanyamaza. Wiki ya pili akauliza, "Mwanangu, huyu anayekuletea zawadi kila siku, ana nia gani na wewe?"

Nikacheka, nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akaguna, akarudi kwenye maharage yake.

Agosti ikaja chupa ya manjano. Mwaka ule Wamarekani walikuwa wameyavumbua manjano, wanayameza kwenye kapsuli kwa ajili ya viungo vya mwili, na kila muuzaji alikuwa na chupa yake. Hii ilikuwa na kapsuli 120. Mama aliiona mezani, akasoma picha ya tangawizi-tangawizi pale kwenye karatasi, akaniuliza, "Hii si manjano?"

"Ndiyo, Mama."

"Ya kumeza?"

Akachukua kapsuli moja, akaivunja kwa kucha, akamwaga unga kwenye kaunta ya jikoni, ambayo ilikuwa nyeupe pe. Akainusa. Akainusa tena. Akachovya ncha ya kidole, akagusa ulimi.

"Haina harufu," akasema. "Halafu kuna pilipili manga humu."

Nikageuza chupa. Kweli, kwa maandishi madogo kabisa, dondoo ya pilipili manga. Huiongeza ili mwili uifyonze kurkumini, ile dawa inayotafutwa ndani ya manjano. Na harufu pia alisema kweli: hiyo ilikuwa dondoo ya asilimia 95, wamekamua kinachotia rangi, mafuta yenye harufu yameachwa huko kiwandani. Yote hayo niliyasoma baadaye. Mama alihitaji ulimi tu.

"Na wewe umeandika nini?"

Hapo ndipo moyo uliponidunda. Kwa sababu nilikuwa nimeshaandika, siku mbili kabla, kazini, na chupa haijafunguliwa hata ile karatasi ya juu. Nikasema nitamsomea baadaye. Akavuta kiti, akakaa.

Nikamtafsiria. Nyota tano. "Nilipofungua chupa hii, harufu ilinirudisha jikoni kwa bibi yangu, Tanzania, akitwanga manjano kwenye kinu huku mvua ikinyesha..." Kuna habari za moshi wa kuni. Kuna habari za mikono ya bibi iliyogeuka dhahabu. Watu 41 walikuwa wamebonyeza kusema maoni hayo yamewasaidia, na yalikuwa yamepanda hadi ya kwanza kabisa kwenye ukurasa.

Mama alikaa kimya kidogo. Bibi ninayemsema ni mama yake.

"Insha nzuri," akasema. "Darasa la saba ningekupa alama." Akafuta kidole kwenye kanga. "Ila mama hakutwanga manjano wakati wa mvua. Yanachemshwa, yanakatwa, yanaanikwa wiki nzima. Mvua ikinyesha yanaota ukungu. Angekufukuza na mchi."

Hakusema zaidi, akainuka kuangalia sufuria. Ningependa angenigombeza.

Usiku ule kazini niliyafungua maoni yangu, nikamtoa bibi na kinu chake na mvua yake, nikaacha nyota tatu. Hazikupita siku nne, muuzaji akaniandikia. Barua ya heshima sana. Hakulalamika juu ya nyota. Aliuliza tu kama inawezekana nikairudisha ile sehemu ya bibi, maana wateja waliipenda, na akasema yuko tayari kunitumia chupa mbili nyingine.

Nilipomsomea Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Kwani yeye hana bibi yake?"

Sikumjibu yule muuzaji. Tarehe 3 Oktoba Amazon wenyewe wakapiga marufuku maoni ya kupewa vitu na wauzaji, wakabakiza vitabu na mpango wao wa Vine walioanzisha mwaka 2007, ambao Amazon wenyewe ndio huchagua nani apewe kitu akitolee maoni, na kuponi zangu zikakauka. Nisingependa mtu adhani niliacha mwenyewe. Kati ya Agosti na Oktoba nilipokea taa ya baiskeli, na baiskeli sina.

Lile doa pale kaunta tulilisugua kwa limau, kwa magadi, kwa dawa ya meno. Halikutoka. Mama alisimama mbele yake akiwa ameshika kitambaa, akasema, "Rangi tu ndiyo haina uongo. Hiyo mpe."

Basi nikarudi nikaongeza mstari mmoja: rangi yake ni kali mno, usiifungue juu ya meza nyeupe. Watu wawili walibonyeza kusema imewasaidia.