Mshale wa joto ulipopanda bila sababu

Jana mshale wa geji ya joto katika Land Rover Series III yangu ulikaribia alama nyekundu ilhali rejeta haikuchemka, nami nikasimama kwa kuihofia gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Kilichonielekeza ni geji ya mafuta, ambayo nayo ilionyesha tangi limejaa wakati lilikuwa nusu. Geji mbili zikikosea pamoja, tena kwa kupanda, sioni sababu ya kukimbilia kununua sensa. Katika gari hili zote hulishwa na kidhibiti volti kimoja kinachotoa wastani wa volti 10. Nyuma ya dashibodi, ethi yake, yaani mahali kinaposhikana na bodi ya chuma ya gari, palikuwa pameshika kutu, hivyo umeme wa betri ulipita bila kupunguzwa. Nilipasugua kwa msasa, nikakaza skrubu, mishale ikatulia.