Corolla AE110: kuisaka hewa ya wizi kwenye injini ya 5A-FE

Gari ni Corolla AE110 ya 1997, injini ya 5A-FE ya cc 1498, gia otomatiki, na anayeliendesha zaidi ni mama. Ugonjwa wake ni kwamba likishapata moto, sailensa (mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta) haitulii. Umesimama kwenye foleni, mguu hauko kwenye mafuta, mshale wa mizunguko ya injini (RPM) unapanda hadi 1,800, unaporomoka hadi 1,000, unapanda tena, hivyo hivyo bila kukoma. Ukiingiza D linaruka, na ukilizuia kwa breki bado linasukuma. Kila asubuhi mama anapita nalo mbele ya shule ya msingi, pale watoto wanapovuka barabara. Kwa sababu hiyo kazi ya siti na rangi niliyokuwa nimeianza imewekwa kando hadi hili liishe.

Gereji moja ilishauri tubadilishe valvu ya sailensa, ile ya ISC inayopitisha hewa ya sailensa, iliyo chini ya throtoli bodi (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta). Sikukubali kununua kifaa kabla ya kujua hewa inapita wapi, na nina sababu.

Injini hii inavyohesabu hewa

Ushauri mwingi kuhusu kuvuja kwa vakyumu (mvuto wa hewa ndani ya injini) unasema hivi: hewa ya wizi, yaani inayoingia isikotakiwa, ikiingia, mafuta yanapungua kwenye mchanganyiko, injini inamisi na inataka kuzima. Ni kweli kwa gari la kabureta. Ni kweli pia kwa gari lenye sensa ya MAF, inayopima hewa baada tu ya kichujio, kama Corolla na Vitz za baadaye zenye 1NZ-FE. Hewa inayoingilia baada ya sensa hiyo haijahesabiwa, kwa hiyo haipewi mafuta.

5A-FE yetu haina MAF. Ina sensa ya MAP, inayosoma presha ndani ya manifodi, yaani bomba linalogawa hewa kwa silinda. Kompyuta inachukua presha hiyo, mizunguko ya injini na joto la hewa, inakadiria hewa iliyoingia, kisha inamwaga mafuta yanayolingana. Hewa ya wizi nayo inapandisha presha ya manifodi, kwa hiyo nayo inapewa mafuta yake! Injini haimisi. Inakimbia tu, kama vile mtu kaacha kidole cha mguu juu ya pedali.

Kule kupanda na kushuka kunatoka hapo hapo. Throtoli ikiwa imefungwa na mizunguko ikapita kiwango fulani, kompyuta inaamini unateremka mlima kwa gia na inakata mafuta kwenye injekta. Mizunguko inaanguka, mafuta yanarudi, hewa iliyozidi inaipandisha tena, mafuta yanakatwa. Kwa hiyo ule mchezo wa mshale wenyewe ulikuwa ushahidi wangu wa kwanza: kuna hewa nyingi kuliko throtoli inavyoruhusu.

Nilipiga hesabu kujua natafuta tundu la ukubwa gani. Injini ya lita 1.5 ikizunguka 750 kwa dakika inameza gramu mbili na kitu za hewa kwa sekunde. Tundu la milimita 3 likiwa na vakyumu kali upande wa pili linapitisha takriban gramu moja. Yaani tundu linaloingia njiti ya kiberiti linatosha kuharibu sailensa yote. Barabarani, ukikanyaga mafuta, gramu hiyo moja haionekani kabisa, na ndiyo maana mama alisema gari likitembea halina tatizo.

Jumamosi: maji, taimingi na geji

Nilianza na maji ya rejeta. Valvu ya ISC inapata joto la maji ya injini. Yakipungua au hewa ikibaki ndani ya mfumo, sailensa inacheza vilevile. Maji yalikuwa kamili, hayana hewa. Kebo ya mafuta ina ulegevu wake, throtoli inafunga hadi mwisho. Nikaunganisha pini za TE1 na E1 kwenye boksi la uchunguzi ndani ya boneti: taa ya injini ikapepesa kwa mpangilio ule ule, hakuna kosa lililohifadhiwa. Taimingi kwa taa: nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, kama inavyotakiwa.

Halafu geji ya vakyumu, nimeifunga kwenye manifodi. Mwanzoni injini ikiwa ya baridi, kabla mshale wa RPM haujaanza kucheza, ilisimama kwenye inchi 14 (za zebaki), imetulia kabisa. Sehemu ya kijani ya geji inaanzia 17. Mzee jirani, fundi wa miaka mingi, alikuwa amesimama pembeni.

"Kijana, injini imechoka hii. Kumi na nne?"

"Mzee, geji imechorwa kwa usawa wa bahari. Hapa Arusha tuko mita 1,400 juu."

Akafikiri kidogo. "Kweli. Nilipokuwa Tanga nilizoea kuona kumi na tisa."

Kila mita 300 za kupanda zinapunguza karibu inchi moja. Kwa Arusha unaondoa inchi nne na nusu hivi, kwa hiyo 14 ya hapa ni kama 18.5 ya Tanga, na hiyo ni injini yenye afya: ringi, valvu na taimingi viko sawa. Natamani kila anayetumia geji hii Arusha, Iringa, Mbeya au Nairobi aandike marekebisho yake kwa kalamu kwenye kioo. Injini nzima inaweza kufunguliwa bure kwa sababu ya rangi ya kijani iliyochorwa kwa ajili ya watu wa pwani.

Angalia pia kwamba geji haikushuka ingawa kuna uvujaji. Kwenye gari la MAP ndivyo inavyokuwa mara nyingi, kwa sababu injini inajibu hewa ya ziada kwa kuongeza mizunguko.

Kidole na koleo

Injini ikiwa ya moto nilitoa mpira mkubwa wa hewa mbele ya throtoli. Gari la MAF lingezima hapo. Hili linaendelea kuunguruma. Ndani ya mdomo wa throtoli bodi kuna tundu linalopeleka hewa kwenye ISC. Nikaliziba kwa kidole. Throtoli imefungwa na tundu limezibwa, injini isiyo na uvujaji inatakiwa izime au ibaki ikijikokota. Yetu ilishuka hadi 1,200 na ikakaa hapo kwa raha. Basi valvu ya ISC haina hatia, na hewa inayobaki inapita kwingine.

Nikachukua koleo, nikalifunga kitambaa midomoni nisikate mipira, nikaanza kubana mpira mmoja mmoja nikisikiliza. Wa PCV, unaovuta gesi za ndani ya injini: kushuka kidogo tu, kawaida. Wa busta ya breki, inayotumia vakyumu kulainisha pedali: hakuna badiliko. Wa kanista ya mvuke wa petroli: hakuna. Mpira mwembamba unaotoka kwenye pampu ya stelingi: mshale ukaanguka papo hapo kwa karibu 300.

Valvu ndogo iliyo kwenye pampu hiyo kazi yake ni kuongeza hewa unapokata kona gari likiwa limesimama, ili injini isielemewe. Mpira wake ulikuwa mgumu kama mfupa, umepasuka upande wa chini usikoonekana. Nilikagua ndani yake kama kuna mafuta ya stelingi, maana valvu hiyo ikifa injini huyavuta na kutoa moshi mweupe. Ulikuwa mkavu. Nikaweka mpira mpya wa vakyumu, si wa petroli, kwa sababu wenye kuta nyembamba hujikunja kwa mvuto.

Kucheza kwa mshale kukakoma. Sailensa ikatulia kwenye 1,250. Bado iko juu.

Moshi

Wengi hapa wangepuliza dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka manifodi. Kwenye injini hii manifodi ya hewa iko nyuma, upande wa ukuta wa kabini, gasketi haionekani, na dawa hiyo inawaka. Sikuitaka karibu na ekzosi yenye moto.

Nilitengeneza mashine ya moshi: kopo la rangi lenye mfuniko wa kubana, plagi ya kupashia ya injini ya dizeli iliyovishwa utambi wa pamba, mafuta kidogo ya kupaka watoto (baby oil), betri ya volti 12, na pampu ya tangi la samaki. Pampu hiyo ni dhaifu, na ndiyo sababu nikaichagua: psi 1 inatosha, presha ya kompresa ingerusha mfuniko na kuharibu sili. Kazi ilifanyika nje, injini ikiwa imezimwa na ya baridi, moshi ukiingilia mpira wa busta. Mdomo wa throtoli niliuziba kwa glavu, na mpira wa kupumulia wa tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) nao nikauziba. Moshi kidogo kwenye ekzosi usikushtue. Kuna silinda ambayo valvu zake zimeachana wazi.

Baada ya kusubiri kidogo, nikimulika na tochi kutoka chini, nikauona unatambaa kutoka nyuma ya silinda ya nne, kwenye ungio la manifodi na kichwa cha injini. Mwingine mwembamba ukatoka kwenye kifuniko kidogo cha mpira kilichoziba bomba lisilotumika. Nilifurahi mno. Mzee jirani aliinama kuangalia, kisha akaniomba nimchoree jinsi kopo lilivyofungwa.

Manifodi nje

Kazi ya kuchosha, mikono haiingii. Boliti mbili za upande wa silinda ya nne zilikuwa zimelegea, na gasketi ilikuwa na alama nyeusi ya njia ya hewa. Rula ya chuma ikaonyesha manifodi haijapinda. Nilisafisha kwa kikwangua cha plastiki, nikaweka gasketi mpya bila gundi, nikakaza kwa hatua kutoka katikati kwenda nje. Nilipokuwa huko nikabadilisha na oringi za injekta pamoja na mipira yake ya chini, kwa sababu umri wake ni ule ule.

Nikatoa fyuzi ya EFI kwa muda ili kompyuta ianze upya. Injini ya moto sasa inatulia 750, ikiwa D inashuka kidogo na haitetemeki. Jaribio la kidole: inazima. Geji: inchi 14 na nusu. Mama kaliendesha hadi sokoni na kurudi, anasema breki zimekuwa nyepesi.

Kilichobaki ni mpira wa busta. Hauvuji, lakini nikiukunja naona nyufa ndogo juu yake, na valvu yake inayopitisha hewa upande mmoja tu ni ya tangu 1997. Nimeagiza vyote viwili, na gari halishuki mlima hadi vifungwe.