Siku moja na samaki wa umeme, Bagamoyo

Saa 12:30 asubuhi. Bodaboda kafika na ndoo: samaki wawili wadogo wa jamii ya Mormyridae kutoka mto Ruvu, ndani ya maji ya mtoni kama nilivyosisitiza. Maji chumvi ya huku kwetu hawayawezi.

Saa 2:00 hadi saa 6:00. Vipindi, madaftari, kikao. Tuyaache.

Saa 8:00. Maabara, Kidato cha Sita. Fundi redio aliniazima amplifaya na spika. Nikatumbukiza nyaya mbili kwenye beseni. Ta-ta-ta-ta! Darasa likaruka. Kila mlio ni pigo la umeme hafifu litokalo kwenye shina la mkia. Kwa pigo hilo samaki hupapasa gizani: jiwe au mdudu akiwa karibu, umeme unaorudi ngozini hubadilika.

"Madam, mbona kelele zake mwenyewe hazimzibi asiwahisi wengine?" akauliza binti mmoja.

Swali hili nililisubiri tangu asubuhi. Ubongo ukiamuru mkia upige, hutuma nakala ya amri hiyohiyo kwenye sehemu inayopokea hisia. Mwaka 1981 mtafiti Curtis Bell alieleza jaribio lake kwa samaki wa jamii hii: alinyamazisha mkia kwa dawa, amri za ubongo zikaendelea kutoka, naye kila amri akaifuatishia umeme wa bandia. Baada ya muda akauondoa. Seli zikaitikia amri tupu, tena kinyume cha zilivyouitikia umeme! Maana yake ubongo ulishajifunza nini kinakuja, ukatengeneza kinyume chake ili kikija kifutike. Kinachobaki ni kigeni, na kigeni ndicho chenye habari.

"Kama mpiga ngoma wa TaSUBa, chuo cha sanaa hapa Bagamoyo," akadakia Juma, "pigo lake analijua, ndiyo maana anawasikia wenzake." Sikuwa na la kuongeza.

Saa 10:00. Mchoro wa ubongo ubaoni. Serebela (sehemu ya nyuma ya ubongo) ya samaki hawa ni kubwa hadi inafunika sehemu nyingine. Kwa ndugu yao Gnathonemus petersii, ubongo hula takriban 60% ya oksijeni ya mwili; wa binadamu ni kama 20%. Nikawakumbusha hayo wanaodharau samaki kwa udogo.

Saa 11:00. Samaki wamerudi Ruvu. Nauli mfukoni mwangu, kama kawaida.

Saa 2:00 usiku, prepo. Yule binti kanifuata tena: mvua ikinyesha maji yakabadilika, ule ubashiri si utakosea? Utakosea, nikamjibu, lakini kwa dakika chache tu. Kila pigo huurekebisha kidogo, mpaka ulingane na maji mapya.