Si kila jiwe lenye ganeti ni eklojaiti

Ukiona chembe nyekundu za madini ya ganeti kwenye jiwe zito la kijani, usikimbilie kuliita eklojaiti. Amfibolaiti (mwamba uliobadilishwa na joto la wastani) huwa na ganeti, granulaiti (mwamba uliobadilishwa na joto kubwa) nayo huwa nayo. Eklojaiti halisi ni basalti au gabro (miamba myeusi ya volkeno na magma) iliyoshushwa chini sana: plajioklesi, madini yake meupe, imevunjika yote, sodiamu yake imeingia kwenye omfasaiti, madini ya kijani. Ukiona chembe nyeupe za plajioklesi, tia shaka.

Hapa Dar chini yetu ni mchanga na mawe ya matumbawe, kwa hiyo jiwe litatoka bara. Kupima densiti yake, yaani uzito kwa ujazo, mizani ya jikoni inatosha. Lipime uzito likiwa kavu. Kisha weka chombo cha maji juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri, uning'inize jiwe kwa uzi lizame lote bila kugusa chini wala pembeni. Gramu zinazosomeka ndiyo sentimita za ujazo. Uzito mkavu wa gramu 690 ukigawa kwa ujazo wa 200 unapata 3.45, hiyo ni eklojaiti nzuri. Ukipata 3.1, huenda ni amfibolaiti. Likigusa chini, mizani inabeba uzito wake na hesabu yote inaharibika. Hewa iliyojificha kwenye nyufa nayo hushusha jibu, kwa hiyo ukishalipima kavu, liloweke kwanza kabla ya kulining'iniza. Ganda lililooza libanduliwe kabla ya kupima.

Kwa nini tujisumbue? Kwa sababu eklojaiti ni alama ya mgandamizo mkubwa wa chini sana, ingawa mgandamizo peke yake hausemi mengi. Unausoma pamoja na joto. Eklojaiti za kilima cha Yalumba, ukanda wa Usagara, zina takriban miaka bilioni 2, na zilifika mgandamizo wa kama gigapaskali 1.8 kwa nyuzi joto 750 za Selsiasi hivi. Hiyo ni zaidi ya kilomita 60 chini, na kwa kina hicho joto hilo ni dogo. Bamba la bahari lililozama haraka huacha alama ya namna hiyo. Granulaiti za Uluguru, za miaka milioni 640 hivi, zilipata joto kubwa kwa kina pungufu ya hicho: hapo gamba la dunia lilinenepa likapata joto sana.

Tatizo kubwa ni safari ya kurudi juu. Mgandamizo ukishuka na maji yakipenya, omfasaiti huoza na kuwa mchanganyiko wa chembe ndogo sana za daiopsaidi (madini mengine ya kijani) na plajioklesi, na ganeti huvikwa pete nyeusi ya madini ya hornblendi. Jiwe la namna hiyo usilitupe. Likate, lisagwe hadi unene wa milimita 0.03, kisha chini ya hadubini tafuta omfasaiti iliyofungiwa ndani ya ganeti. Humo maji hayakufika.