Tendo la ndoa kuuma baada ya kushonwa wakati wa kujifungua: mambo yaliyonisaidia

Daktari wa wanawake aliniuliza kwanza panauma wapi: mlangoni mwa uke au ndani. Panapouma mlangoni, hutafutwa ukavu, fangasi, kovu la mshono au misuli ya nyonga iliyokaza. Maumivu ya ndani kabisa yana mengine: maambukizi ya mirija ya uzazi, endometriosisi (tishu kama ya ndani ya kizazi inayoota nje yake), uvimbe kwenye kizazi au kwenye ovari.

Mimi yalikuwa ya mlangoni, tena ya sababu mbili: ukavu wa kunyonyesha na kovu la kuongezewa njia, yaani kukatwa kidogo mlangoni ili mtoto apite. Mama anayenyonyesha estrojeni yake, ile homoni ya kike, hushuka, ngozi ya uke ikawa nyembamba na kavu hata kama hamu ipo. Mume aelezwe hilo mapema, asije akadhani hatakiwi.

Kwenye ukavu nilitumia kilainishi cha maji, kama kijiko kimoja cha chai, nikipaka mlangoni na kwenye uume, na kuongeza kila kilipokauka. Mafuta ya nazi yanateleza vizuri zaidi, ila yanaharibu kondomu za mpira na zinapasuka. Shabu na vitu vingine vya kubana uke sitaki hata kuvisikia. Vinakausha na kuchubua. Sabuni nayo isiingie ndani, maji yanatosha, tena kwa nje.

Kovu nilianza kulikanda baada ya wiki 6, lilipothibitishwa limepona. Kucha ziwe fupi, mikono safi, mafuta kidogo. Dole gumba liingie sentimita 2 hadi 3, ubonyeze kuelekea njia ya haja kubwa mpaka uhisi ngozi inavutika bila kuuma, ushikilie sekunde 30 hivi, kisha uteleze taratibu kushoto na kulia. Dakika 5 kwa siku zinatosha. Usibane pumzi: ishushe polepole huku ukilegea kama unayeachia mkojo. Mwili uliozoea kuumia hukaza misuli kabla hata haujaguswa, na hapo kilainishi peke yake hakifui dafu.

Kwenye tendo lenyewe nilikaa juu, kina na kasi nikaamua mimi.

Ukavu ukigoma, ipo krimu ya estrojeni ya dozi ndogo inayopakwa ukeni, lakini iandikwe na daktari, hasa kama unanyonyesha. Ukiona damu baada ya tendo, uchafu wenye harufu au homa, usinunue dawa ya fangasi kwa kubahatisha, kapime kwanza.