Mji unapomkodolea macho orki: ninavyowacheza wenyeji

Mchezaji akichagua kuwa orki, zimwi la hadithini lenye meno marefu, kwenye Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa masimulizi, mzigo unanihamia mimi msimulizi. Yeye anacheza mtu mmoja. Mimi nacheza mlinzi wa lango, muuza samaki, mhunzi, watoto wa mtaani na kila anayechungulia dirishani akipita.

Vitabu vyenyewe havikuwa na msimamo mmoja. Kanuni za kwanza, za mwaka 1974, ziliruhusu mtu acheze karibu kiumbe chochote, mradi aanze akiwa dhaifu. Kufika 1979, Gary Gygax, mmoja wa watunzi wa mchezo huu, aliandika mwongozo wa wasimulizi akiwakatisha tamaa wanaotaka kuwa mazimwi. Toleo la 2014 likawaweka wenye pembe na mkia, na wenye sura ya joka, ndani ya kitabu cha msingi. 2016 kikaja cha nyongeza chenye goblini, koboldi, orki na watu-mijusi. Nguvu na kasi ya kiumbe unapewa kwa namba. Habari ya majirani utajijua mwenyewe.

Nimekaa kwenye meza ambazo kila kijiji kinatoka na mapanga, jioni nzima ikaishia langoni. Nimekaa pia kwenye zile ambazo orki anaingia dukani, ananunua kamba, anatoka, hakuna hata aliyegeuka. Hii ya pili ndiyo inayoniudhi zaidi. Aliyechagua meno marefu anataka yaonekane.

Kilichonisaidia ni jedwali la zamani la mapokezi. Lilitungwa ili kuamua zimwi litafanya nini likikutana na wachezaji; mimi nimeligeuza, wenyeji ndio wanaokutana na zimwi. Unarusha dadu mbili za pande sita na kujumlisha. 2 ni kushambulia papo hapo, 12 ni urafiki mkubwa, na 6 hadi 8 mtu hajaamua. Kwa hesabu, hiyo ya kutoamua hutokea mara 16 kati ya 36, wakati 2 na 12 hutokea mara moja moja tu. Ndiyo maana mji wangu hauchomi mtu moto ovyo. Unasitasita, unanong'ona, unapandisha bei.

Narushia kila mtu dadu zake, kamwe si mji mzima kwa mkupuo. Matokeo naandika kwenye daftari na sirudii kurusha; baada ya hapo ni matendo tu yanayombadilisha mtu. Wapo nisiowarushia kabisa. Mjane ambaye mumewe aliuawa na orki hahitaji dadu. Kwa upande mwingine, mtu-mjusi wetu alipendwa sokoni siku ileile, kwa sababu alinunua vichwa na matumbo ya samaki ambavyo wauzaji walikuwa wanatupa. Pesa ya bure hiyo! Watoto wakaanza kumfuata wakimhesabia magamba.

Kabla mchezo haujaanza huwa nauliza kila mmoja chuki anayoweza kuivumilia mezani. Dada mmoja alisema woga sawa, ila matusi ya asili ya mtu hapana, anayasikia ya kutosha mtaani kwake. Basi wenyeji wangu wanaogopa meno na shoka, ukoo hawautaji. Mchezo haukupungua ladha hata kidogo.

Jambo ambalo wachezaji wamelipenda kuliko yote ni mdhamini. Nililichota kwetu Tanzania, kwa mjumbe wa nyumba kumi ambaye zamani alitakiwa kujua kila mgeni aliyelala kwenye eneo lake. Zimwi linaruhusiwa kuingia likiwa na mwenyeji wa kulisimamia, na likivunja kitu, anayetozwa ni huyo mwenyeji. Mchezaji asiyejali mlinzi mwenye mkuki anajali sana bibi kizee aliyempa mkeka na sasa ameitwa barazani kwa ajili yake.

Mji mkubwa wa bandari siuhangaikii hivyo. Pale wamezoea kila aina ya abiria, natozesha ushuru mara mbili tukaendelea.

Kwa sasa mtu-mjusi amekula mbuzi wa mtu, eti alimkuta ameshakufa. Mdhamini wake, mwoka mikate, anadaiwa fidia. Kundi zima linabishana nani atoe hiyo pesa, na orki, ambaye mwoka mikate huyohuyo ndiye amemdhamini, anapiga kelele kuliko wote.