Mjomba, darasa zima wameshaiona

Mpwa wangu ana miaka 15 na wiki nzima amenikalia kooni. "Mjomba, darasa zima wameshaiona, nimebaki mimi tu!" Ni El Hoyo hiyo, filamu ya Kihispania ya mwaka 2019 ya Galder Gaztelu-Urrutia, ambayo wengi wanaijua kwa jina la The Platform. Dada yangu kaiona alama ya watu wazima, mzigo akanitwika mimi: wewe si ndiye mpenda filamu, itazame kwanza. Nikakaa nayo, rimoti mkono mmoja, daftari mkono wa pili.

Gereza lenyewe ni kama kisima. Kila ghorofa ina wafungwa wawili, na katikati kuna tundu ambamo meza iliyosheheni vyakula hushuka mara moja kwa siku. Wa juu wanavimbiwa, wa chini wanaambulia sahani tupu. Mwezi ukiisha, unaamka ghorofa nyingine bila kujua ipi. Kila mtu huingia na kitu kimoja tu. Goreng, mhusika mkuu, kaja na kitabu, Don Quixote. Mzee anayekaa naye, Trimagasi, kaja na kisu.

Nilidhani cha kuogopa ni hicho kisu. Kumbe! Ghorofa ya 171, huko chini chakula kisikofika, Goreng anaamka kafungwa kitandani, na mzee anamweleza taratibu kwamba atavumilia siku kadhaa, njaa ikizidi ataanza kumkata minofu midogo midogo. Anaongea kama mtu anayepanga mapishi ya jioni. Katika tukio hilo damu haijatoka hata tone, na mimi tayari nimesimamisha filamu nimekwenda kunywa maji.

Damu inakuja baadaye, tele. Daftarini nikaandika: visu, kula nyama ya mtu, utupu, matusi. Nilidhani kuhesabu hivyo kunatosha. Hayo kijana wangu atayahimili. Michezo anayocheza kwenye simu ina mizoga mingi zaidi.

Kuna kimoja nilikaribia kukisahau kwa jinsi kilivyo kifupi. Imoguiri, mwanamke aliyewahi kufanya kazi kwa wenye gereza na ambaye baadaye anakaa na Goreng, anaamini kwa dhati kwamba ghorofa ni 200. Mwezi unaofuata wanapangiwa ya 202. Goreng anapoamka, mwenzake keshajinyonga. Hakuna kelele wala damu. Nimerudia hapo mara mbili, na ndipo palinifanya nimpigie dada yangu usiku uleule.

Tumekubaliana ataitazama, ila na mimi pembeni, na tukifika 202 nasimamisha tuongee. Nilipomwambia mpwa wangu, hakuuliza kwa nini hapo.

"Sawa mjomba. Lakini kabla ya hapo usiongee hata neno. Wewe huwa unaongea sana."